Karatasi Kama Shahidi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Njama na Vijitabu vya Siasa Uingereza, 1678–1697

Ukurasa huu ni wa wale wanaosoma habari za Charles II, James II na William wa Orange, kisha wakajikuta wamepotea katikati ya njama: ya Kipapa, ya pipa la unga, ya Rye House, ya mtoto aliyedaiwa kuingizwa kitandani kwa siri. Nimejibu kwa urefu pale penye nyama, na kwa ufupi pale pasipo nayo. Jambo moja nitalirudia kwa sababu naliona ndilo ufunguo. Miaka ile karatasi haikubeba habari tu. Ilifichwa, ilipandikizwa, iliapiwa, ilisimamishwa mahakamani kama shahidi, na watu wakafa kwa maneno yake.

Ugomvi wenyewe ulianzia wapi?

Kwenye urithi. Charles II alirudishwa kwenye kiti cha enzi mwaka 1660, miaka 11 baada ya baba yake kukatwa kichwa. Alikuwa na watoto wengi wa nje ya ndoa, lakini malkia wake, Catherine wa Braganza, hakujaliwa mtoto. Mrithi akawa mdogo wake mfalme, James, Duke wa York. James alikuwa ameingia Ukatoliki, na mwaka 1673 siri hiyo ikawa hadharani alipokataa kula kiapo kilichowekwa na Bunge na kuachia cheo chake cha ukuu wa jeshi la majini.

Waingereza wengi walikuwa wamelelewa na hadithi za Waprotestanti waliochomwa moto zama za Malkia Mary, na za baruti iliyofichwa chini ya Bunge mwaka 1605. Ng'ambo ya mlango-bahari alikuwapo Louis XIV wa Ufaransa, Mkatoliki mwenye jeshi kubwa kuliko wote. Kwa watu hao, mfalme Mkatoliki maana yake ilikuwa kutawaliwa bila Bunge.

Msomaji wa pwani yetu anaweza kumwekea Catherine alama ya pembeni. Alikuwa binti wa mfalme wa Ureno, na miaka hiyohiyo askari wa Ureno walikuwa bado ndani ya Fort Jesus, Mombasa, hadi Waomani walipowatoa mwaka 1698. Ndoa yake ndiyo iliyowapa Waingereza Bombay.

Kijitabu kilikuwa kitu gani hasa?

Chukua karatasi moja kubwa iliyochapwa pande zote mbili, ikunje mara mbili, ikate, uishone kwa uzi mmoja mgongoni. Umepata kurasa nane, bila jalada. Hicho ndicho kijitabu. Vingine vilikuwa virefu zaidi, na vingine vilikuwa karatasi moja tu ya upande mmoja, ya kubandikwa ukutani au kuimbwa kama wimbo. Bei ya vile vifupi ilikuwa peni moja au mbili. Wauzaji wengi wa mitaani walikuwa wanawake, waliovibeba kwenye vikapu na kunadi vichwa vya habari kwa sauti.

Kilichokipa nguvu ni mkahawa. Kwa peni moja mtu aliketi London akanywa kahawa na kusoma, au kusomewa, kila kilichotoka siku ile. Charles alilijua hilo. Mwishoni mwa Desemba 1675 alitangaza kuifunga mikahawa yote kuanzia tarehe 10 Januari. Makelele yalikuwa makubwa hata siku mbili kabla ya tarehe hiyo akalegeza amri yake.

Je, hapakuwa na sheria ya kuzuia?

Ilikuwapo, tena kali. Sheria ya mwaka 1662 ilitaka kila chapisho lipate kibali kwanza, na ilinuia kupunguza wachapaji wakuu wa London hadi 20. Msimamizi wa uchapaji alikuwa Roger L'Estrange, mtu wa mfalme kwa damu na nyama.

Namna alivyofanya kazi inaonekana katika kesi ya John Twyn. Alfajiri moja ya Oktoba 1663, saa kumi hivi, L'Estrange na wenzake walifika nyumbani kwa Twyn, mchapaji maskini. Taa zilikuwa zinawaka na kazi inaendelea. Waligonga muda mrefu bila kufunguliwa. Walipoingia walikuta Twyn amekwisha kuzivunja kurasa za herufi za madini ya risasi ili zisisomeke, lakini karatasi zilizokuwa zimekwisha kuchapwa zilikuwa bado mbichi kwa wino. Kijitabu chenyewe kilisema wananchi wana haki ya kumwondoa mfalme dhalimu. Twyn hakukitunga, alikichapa tu. Februari 1664 alinyongwa na mwili wake ukakatwa vipande.

Sasa sikiliza kilichofuata. Sheria ile ilikuwa ya muda, ikihitaji kuongezewa uhai na Bunge kila mara. Mwaka 1679 mfalme alikatisha kikao cha Bunge akiwa kwenye ugomvi wa urithi, na sheria ikafa kwa kukosa wa kuifufua. Yaani mwaka ambao hofu ilikuwa imepanda kuliko wakati wowote ndio mwaka ambao kizuizi kiliondoka. Haikurudi hadi 1685.

Titus Oates alikuwa nani?

Kama kuna mtu mmoja wa kumjua katika habari hizi, ni huyu. Alizaliwa mwaka 1649, akafukuzwa shule, akapata upadri wa Kianglikana, akaondolewa pia kwenye ukasisi wa manowari. Mwaka 1677 alijitangaza kuwa Mkatoliki na kwenda kusoma kwa Wajesuiti, shirika la mapadri wa Kikatoliki, kwanza Valladolid huko Hispania, kisha Saint-Omer huko Ufaransa. Kote alifukuzwa. Alirudi London majira ya joto ya 1678 akijiita daktari wa theolojia wa Salamanca, mji ambao hakuupatia shahada yoyote.

Alirudi na hadithi, ile iliyokuja kuitwa Njama ya Kipapa. Akisaidiwa na Israel Tonge, kasisi aliyewaona Wajesuiti nyuma ya kila msiba, aliandika mashtaka 43, kisha akayaongeza yakawa 81. Alidai Wajesuiti walikutana London tarehe 24 Aprili 1678 katika baa ya White Horse, mtaa wa Strand, wakaamua kumuua mfalme. Wawili wangempiga risasi za fedha. Wakishindwa, daktari wa malkia, Sir George Wakeman, angemtilia sumu.

Uongo ule ulishonwa kwenye uzi wa kweli, na ndiyo maana ulishika. Wajesuiti walikuwa wamekutana kweli siku ile, lakini kwa mkutano wao wa kawaida wa kila miaka mitatu. Tena hawakukutana baa. Walikutana katika jumba la St James, kwa Duke wa York mwenyewe. Oates angelijua hilo angelipata silaha kubwa kuliko zote alizobuni.

Charles alimhoji ana kwa ana mbele ya Baraza lake. Alimuuliza sura ya Don Juan wa Austria, ambaye Oates alidai kumwona Hispania. Oates akamweleza mtu mwingine kabisa, na mfalme alikuwa amewahi kukutana na Don Juan. Akamuuliza nyumba ya Wajesuiti ya Paris iko wapi, akakosea tena. Mfalme alijua kuwa anadanganywa. Na bado, kwa kuogopa Bunge na mtaa, aliacha kesi ziendelee na akatia saini hati za vifo. Hilo sijaweza kumsamehe Charles, pamoja na ucheshi wake wote ambao watu wanausifu.

Ikiwa mfalme alijua, kwa nini nchi nzima iliamini?

Kwa sababu ya mambo mawili yaliyotokea ndani ya wiki chache.

La kwanza ni barua za Edward Coleman. Oates alimtaja Coleman, aliyewahi kuwa katibu wa mke wa Duke wa York. Nyumba yake ilipopekuliwa zilipatikana barua alizoandikiana na muungamishi wa Louis XIV, akiomba fedha za Ufaransa na kuota siku ambayo Uingereza ingerudi kwa Roma. Hapakuwa na neno kuhusu kumuua mfalme. Lakini karatasi zile zilikuwa za kweli, kwa mwandiko wake mwenyewe, na zilitosha kuyafanya mengine yote ya Oates yaonekane ya kweli. Coleman aliuawa tarehe 3 Desemba 1678.

La pili ni kifo cha Sir Edmund Berry Godfrey, mfanyabiashara wa kuni na makaa na hakimu wa Westminster. Ndiye aliyempokea Oates alipoapa kuyathibitisha maelezo yake. Godfrey alitoka nyumbani tarehe 12 Oktoba 1678 asirudi. Siku tano baadaye alikutwa kwenye mtaro karibu na Primrose Hill, kifudifudi, upanga wake mwenyewe umempita mwilini. Shingoni alikuwa na alama za kunyongwa. Fedha zilikuwamo mfukoni. Walioukagua mwili walisema viatu vyake vilikuwa safi, kana kwamba hakupita kwenye matope yale kwa miguu yake.

London ilishikwa na kiwewe. Watu walipanga foleni kuuona mwili. Kwenye mazishi, mhubiri alipanda mimbari akiwa na makasisi wawili wenye maungo wakimlinda kushoto na kulia. Visu vidogo vyenye jina la Godfrey viliuzwa ili watu wajihami. Watu watatu wasio na kosa, Green, Berry na Hill, walinyongwa kwa mauaji hayo Februari 1679. Muuaji hajajulikana mpaka leo.

Ni wangapi waliuawa?

Zaidi ya 20, wengi wao mapadri. Kila kesi ilichapishwa kwa ruhusa ya mahakama na kuuzwa, kwa hiyo ushahidi wa uongo katika kesi moja ukawa kitabu cha mafunzo kwa mashahidi wa kesi iliyofuata. Mashahidi wapya waliinuka, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na njama yake na posho yake. Oates alipewa vyumba katika jumba la Whitehall na malipo ya kila wiki. Alifika hatua ya kumtuhumu malkia mwenyewe kuwa anataka kumpa sumu mumewe, na hapo Charles alisimama imara. Wimbi lilianza kurudi nyuma Julai 1679, Wakeman alipoachiwa huru.

Njama ya pipa la unga ni utani au ni kweli?

Ni kweli, na inamhusu mwanamke ambaye ningependa ajulikane zaidi. Elizabeth Cellier alikuwa mkunga Mkatoliki wa London, aliyekuwa akipeleka chakula na fedha kwa Wakatoliki waliofungwa katika gereza la Newgate. Humo alimwokota Thomas Dangerfield, mwizi na mghushi wa sarafu, akamlipia madeni na kumtoa. Dangerfield akaahidi kufichua njama ya kundi la upinzani dhidi ya Duke wa York. Ilipogundulika kwamba karatasi alizozitumia alizipandikiza yeye, aligeuza kibao. Alisema njama ni ya Wakatoliki, wanaotaka kuwasingizia Waprotestanti, na kwamba ushahidi umefichwa nyumbani kwa Cellier. Wapekuzi walikwenda wakachimbua pipa la unga. Karatasi zilikuwamo.

Cellier alishtakiwa kwa uhaini. Mahakamani, Juni 1680, alijitetea mwenyewe. Alionyesha rekodi ya jinai ya Dangerfield hadi majaji wakakataa kuusikia ushahidi wake. Aliachiwa. Kisha akafanya jambo ambalo wengi wangeogopa: aliandika kijitabu chini ya jina lake mwenyewe, akasimulia mateso aliyoyaona Newgate na wafungwa waliotiwa pingu hadi damu ikatoka. Akakiuza nyumbani kwake. Kwa kijitabu hicho alishtakiwa upya, safari hii kwa kashfa, akapigwa faini ya pauni 1,000 na kusimamishwa mara tatu hadharani kwenye mti wa aibu, nakala za kijitabu zikichomwa na mnyongaji mbele ya macho yake. Watu walimrushia mawe, naye akajikinga kwa kipande cha ubao.

Mahakama ilimwachia alipotuhumiwa kutaka kumuua mfalme, ikamwadhibu kwa kusema watu wanateswa gerezani.

Na wasiojua kusoma walifikiwaje?

Kwa picha, nyimbo na maandamano. Mwaka 1679 ilitoka seti ya karata za kuchezea zilizochorwa na Francis Barlow. Kila karata ilikuwa na tukio la Njama ya Kipapa: Oates akiapa, Godfrey akinyongwa, Coleman akipelekwa kuuawa. Mtu alicheza na wenzake huku hadithi ikimwingia kichwani karata kwa karata.

Halafu kulikuwa na usiku wa tarehe 17 Novemba, siku Elizabeth wa Kwanza, malkia Mprotestanti, alipoingia madarakani. Klabu ya wapinzani waliovaa utepe wa kijani, iliyokutana katika baa ya King's Head pembeni mwa Chancery Lane, iligharimia maandamano makubwa. Mpiga kengele alitangulia akiwakumbusha watu juu ya hakimu Godfrey. Nyuma yake alikuja farasi mweupe aliyebeba sanamu ya Godfrey, ikiwa imeshikiliwa na mtu aliyevaa kama Mjesuiti. Mwisho alikuja Papa wa vitambaa kwenye kiti cha enzi, akatupwa motoni huku umati ukipiga mayowe.

Nyimbo nazo ziliua. Stephen College, seremala wa London aliyejitangaza kuwa seremala wa Kiprotestanti, alisambaza wimbo wenye picha ya mfalme kama msanii wa maonyesho ya mtaani, akitembea na sanduku mgongoni ambamo Bunge limefungiwa. London jopo la raia lilikataa kumpeleka kwenye kesi. Serikali ikamhamishia Oxford, kwenye jopo lililochaguliwa kwa uangalifu. Alinyongwa tarehe 31 Agosti 1681.

Majina Whig na Tory yalitoka wapi?

Yote mawili ni matusi ya vijitabu. Whig waliitwa Waprotestanti waasi wa Scotland. Tory waliitwa majambazi Wakatoliki wa Ireland. Kufikia 1681 waliotaka James anyimwe urithi walikuwa Whig na waliomtetea walikuwa Tory. Kila upande ulilivaa tusi lake mpaka likawa jina.

Muswada wa kumnyima James urithi uliishia wapi?

Uliletwa mara tatu, katika Mabunge matatu. Wa pili ulipita Baraza la Wawakilishi, lakini Baraza la Malodi likaukataa tarehe 15 Novemba 1680, kwa kura 63 dhidi ya 30. Wa tatu ulikufa Machi 1681, Charles alipolivunja Bunge lililokutana Oxford baada ya wiki moja tu. Kisha akawapiga Whig kwa silaha yao: alichapisha tamko la kujieleza kwa wananchi na kuagiza lisomwe makanisani nchi nzima. L'Estrange naye, mwezi wa Aprili 1681, alianza gazeti la mazungumzo ya maswali na majibu, ambalo kwa miaka sita liliwachapa Whig bila huruma. Walimchora kama mbwa aliyefungwa ufagio mkiani, kwa sababu mwuza vitabu wake aliitwa Brome, jina linalotamkwa karibu sawa na neno lao la ufagio.

Njama ya Rye House ilikuwa ya kweli?

Kwa sehemu. Rye House ilikuwa nyumba karibu na Hoddesdon, mkoa wa Hertfordshire, mali iliyokaliwa na Richard Rumbold, mtengeneza kimea na askari wa zamani wa Cromwell, kiongozi wa waliompindua baba yake Charles. Barabara ya kutoka mbio za farasi za Newmarket ilipita pale ikiwa nyembamba. Mpango uliozungumzwa ulikuwa kupindua mkokoteni barabarani, msafara wa mfalme usimame, na watu waliojificha wawafyatulie risasi Charles na James. Lakini tarehe 22 Machi 1683 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Newmarket, na mfalme akarudi London mapema kuliko ilivyotarajiwa. Juni, mmoja wao, Josiah Keeling, alikwenda kutoa siri.

Kulikuwa na waliozungumza kuua. Kulikuwa na wengine, wakubwa zaidi, waliozungumza juu ya uasi. Na kulikuwa na waliozungumza tu. Serikali iliwatia wote kapu moja. Lord William Russell, mmoja wa viongozi wa Whig, aliuawa tarehe 21 Julai 1683 katika viwanja vya Lincoln's Inn. Mkewe Rachel alikuwa ameketi karibu naye mahakamani akimwandikia kumbukumbu. Hotuba yake ya mwisho, aliyoikabidhi mkononi mwa maofisa pale jukwaani, ilikuwa inauzwa mitaani saa moja hivi baada ya kichwa chake kukatwa. Chapa ilikuwa imeandaliwa tayari.

Kwa nini watu husema Algernon Sidney aliuawa na maandishi yake mwenyewe?

Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sidney alikuwa Whig mwingine aliyetiwa kwenye kapu lile la Rye House. Sheria ya uhaini ilitaka mashahidi wawili. Dhidi ya Sidney alikuwapo mmoja tu, Lord Howard wa Escrick, mshiriki aliyegeuka kuokoa shingo yake. Wapekuzi walikuwa wamechukua kutoka kwenye meza ya Sidney karatasi alizoziandika kumjibu Robert Filmer, aliyedai kwamba mamlaka ya wafalme ni kama ya baba juu ya watoto wake. Hazikuwa zimechapwa. Hapakuwa na ushahidi kwamba alimwonyesha mtu yeyote. Jaji Jeffreys aliamua kwamba karatasi hizo ndizo shahidi wa pili, kwa kanuni ya Kilatini *scribere est agere*, kuandika ni kutenda.

Sidney alikatwa kichwa tarehe 7 Desemba 1683. Kazi yake ilichapishwa miaka 15 baadaye.

Kisanduku cheusi je?

Ni uvumi wa mwaka 1680, kwamba kuna kisanduku chenye cheti cha ndoa kati ya Charles na Lucy Walter, mama wa Duke wa Monmouth. Kama ni kweli, Monmouth Mprotestanti angekuwa mrithi halali. Charles alikanusha kwa maandishi yaliyochapishwa. Kisanduku hakikuonekana. Monmouth aliasi dhidi ya James mwaka 1685 akiwa na tamko lililoandikwa na Robert Ferguson, kasisi wa Kiskoti aliyeitwa mpanga njama. Tamko hilo lilidai James ndiye aliyeichoma London mwaka 1666 na kumpa kaka yake sumu. Monmouth alikatwa kichwa tarehe 15 Julai.

Hadithi ya mtoto aliyeingizwa kitandani ilianzaje?

James alikuwa amekuwa mfalme mwaka 1685. Waprotestanti walivumilia kwa kuwa warithi wake walikuwa mabinti Waprotestanti, Mary na Anne. Tarehe 10 Juni 1688 malkia wake wa pili, Mary wa Modena, akajifungua mtoto wa kiume katika jumba la St James. Mtoto huyo angelelewa Mkatoliki.

Mara moja vijitabu vikasema hakuna mtoto aliyezaliwa. Vilidai mtoto wa mtu mwingine aliingizwa chumbani ndani ya chombo cha shaba chenye mpini mrefu, kile kinachotiwa makaa ili kupasha shuka joto. Ilichapwa hata ramani ya jumba hilo, ikiwa na mstari wa nukta kuonyesha njia aliyopitishwa mtoto, chumba hadi chumba. Ramani hiyo inanivutia kuliko maneno yote. Mtu anayeshuku maneno huwa mgumu kushuku mchoro wenye vipimo.

James alisaidia uvumi bila kujua. Askofu mkuu wa Canterbury, ambaye angekuwa shahidi bora, alikuwa kifungoni katika Mnara wa London pamoja na maaskofu wengine sita, kwa sababu James mwenyewe aliwafunga kwa kumwandikia ombi. Anne alikuwa mbali, mjini Bath. Oktoba mfalme alikusanya mashahidi zaidi ya 40, mabibi wa jumba, mkunga na malodi, wakaapa mmoja mmoja mambo ya uzazi ambayo hakuna mwanamke angependa yatajwe hadharani. Akayachapisha. Walioamini chombo cha shaba hawakubadilika.

Mtoto yule alizaliwa, naye alikuwa mwana wa malkia. Aliishi miaka 77, akafia Roma, bila kutawala hata siku moja.

Vijitabu vilimsaidia vipi William kuchukua nchi?

William wa Orange, kiongozi wa Uholanzi na mume wa Mary binti wa James, alijiandaa kwa uchapaji kama alivyojiandaa kwa mizinga. Tamko lake lilichapwa Uholanzi kwa makumi ya maelfu ya nakala, likaingizwa Uingereza kwa siri na kuwekwa tayari kusambazwa meli zitakapoonekana. Lilisema anakuja kwa ajili ya Bunge huru na kuchunguza kuzaliwa kwa mtoto. Halikutamka kwamba anataka taji. Tarehe 5 Novemba 1688 alitua Torbay.

Kisha ikatokea karatasi ambayo hakuiandika. Tamko linaloitwa la tatu, lenye jina la William, liliwaonya watu kwamba Wakatoliki wenye silaha wako tayari kuiteketeza London. William alilikana. Miaka ya baadaye Hugh Speke alijitapa kwamba yeye ndiye aliyelighushi. James alipokimbia usiku wa kuamkia 11 Desemba, hofu iliyopandwa na karatasi za aina hiyo ililipuka. Watu walikesha mijini wakisubiri askari wa Kiairishi ambao hawakuwapo, na nyumba za ibada za Wakatoliki zilivunjwa.

Kwa nini tarehe hutofautiana kati ya kitabu na kitabu?

Uingereza ilitumia kalenda ya Julius, iliyokuwa nyuma kwa siku 10 ya ile ya nchi nyingi za Ulaya. Tarehe zangu ni za Kiingereza, lakini mwaka nimeuanzisha Januari.

Uhuru wa kuchapa ulikuja na William?

Si mara moja. Mwaka 1693 William Anderton, mchapaji aliyemuunga mkono James, alikamatwa na mtambo wake uliofichwa nyuma ya kitanda, akanyongwa kwa vijitabu viwili. Twyn na Anderton walitenganishwa na miaka karibu 30 na pande mbili za siasa, lakini walikufa kifo kimoja.

Sheria ya vibali ilikoma mwaka 1695. Bunge halikuongozwa na mapenzi makubwa kwa uhuru. Malalamiko yalikuwa juu ya ukiritimba wa chama cha wachapaji, bei za vitabu, na wapekuzi kuingia majumbani. Magazeti mapya yalianza kutoka mwaka huohuo.

Mwaka 1696 ikaja sheria iliyozaliwa na damu ya watu kama Sidney: mshtakiwa wa uhaini apewe wakili, nakala ya mashtaka, na mashahidi wawili wa kweli. Mwezi Februari mwaka huo iligunduliwa njama halisi ya kumvamia William njiani karibu na Turnham Green. Sir John Fenwick alikamatwa katika msako uliofuata, na mmoja wa mashahidi wawili dhidi yake akatoroshwa ng'ambo. Kwa sheria mpya Fenwick alipaswa kupona. Whig, walewale waliomlilia Sidney, wakapitisha Bungeni sheria maalumu ya kumuua mtu mmoja. Alikatwa kichwa Januari 1697.

Waliouawa kwa uongo waliwahi kusafishwa majina?

Inategemea walikuwa upande gani. Hukumu za Russell na Sidney zilifutwa na Bunge mwaka 1689. Oates, aliyekuwa amehukumiwa kwa viapo vya uongo mwaka 1685 na kuchapwa viboko London kutoka Aldgate hadi Newgate, na siku mbili baadaye kutoka Newgate hadi Tyburn, mahali pa kunyongea watu, alitolewa gerezani na kupewa malipo ya uzeeni na William. Alikufa mwaka 1705.

Viscount Stafford, mzee Mkatoliki aliyekatwa kichwa Desemba 1680 kwa ushahidi wa Oates na wenzake, alisubiri hadi 1824 hukumu yake ifutwe. Oliver Plunkett, askofu mkuu wa Armagh, aliletwa London kwa kuwa Ireland isingepatikana mahakama ya kumtia hatiani, akanyongwa Tyburn tarehe 1 Julai 1681. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1975. Rafiki zake walikiokoa kichwa chake, na leo kimewekwa katika kanisa la Mtakatifu Petro, Drogheda, ndani ya sanduku la kioo.